Kufufua kishikwambi cha Samsung kilichoganda kwenye nembo: mwongozo kamili wa kuflashi kwa Odin

Kishikwambi kinachoganda kwenye neno Samsung, au kinachowaka na kujizima chenyewe bila kufika kokote, watu wengi hukihesabu kimekufa. Kinatupwa kabatini, kinapewa watoto wachezee, au kinauzwa kwa bei ya vipuri. Mara nyingi hakijafa. Kioo ni kizima, betri ni nzima, bodi ni nzima. Kilichoharibika ni programu dhibiti, yaani ule mfumo uliopakiwa kiwandani ambao huiamsha mashine na kuikabidhi kwa Android. Programu hiyo unaweza kuiandika upya ukiwa nyumbani, kwa kompyuta ya kawaida ya Windows na waya mmoja. Kuiandika upya huko ndiko kunaitwa kuflashi, na Odin ni programu ya kompyuta inayofanya kazi hiyo kwa Samsung.

Mfano wangu ni Galaxy Tab A 10.1 ya mwaka 2019. Ziko za aina mbili: SM-T510 ya Wi-Fi pekee, na SM-T515 inayoingia laini. Ina chipu ya Exynos 7904 na betri ya mAh 6150, ilitoka na Android 9, na masasisho yake makubwa yaliishia Android 11. Hatua nitakazoeleza ni zilezile kwa Galaxy Tab nyingi za miaka hiyo zisizo na kitufe cha katikati. Kinachobadilika ni mafaili. Vishikwambi vya bei nafuu vyenye chipu ya MediaTek vina njia yao, nayo nimeiweka mwishoni.

Kuflashi kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Vishikwambi vinavyouawa kabisa huuawa na haraka iliyotangulia: mtu kapakua faili linalofanana na lake, kachomeka waya, kabonyeza Start. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu inapita kabla hatujaigusa Odin.

Je, ni programu kweli?

Anza kwa kujiuliza kilitokea nini kabla hakijaganda. Kama kilikuwa kinasasishwa chaji ikaisha, kama memori ilikuwa imejaa hadi ukingoni, au kama mtu alijaribu kukiruti (kukifungua apate mamlaka kamili juu ya mfumo), basi tatizo ni la programu. Kama kilianguka, kilimwagikiwa maji, au kilianza kupata joto kikiwa mezani, programu si mshukiwa wa kwanza. Na kama mgongo umevimba, betri imefura: usikichaji, usikiflashi, kipeleke kikatolewe betri kwanza.

Kisha soma kioo kinasema nini.

Kinafika kwenye nembo na kuganda, au kinajirudia nembo kwa nembo: hiki ndicho kinachotibika kwa urahisi zaidi.

Kinaonyesha maandishi ya Kiingereza kwamba kosa limetokea wakati wa kusasisha na kwamba utumie Smart Switch, programu ya kompyuta ya Samsung: hiki kilikatishwa katikati ya kuandikwa. Watu hutishwa na ukurasa huo, lakini ni habari njema. Kikiwa hapo, tayari kinasubiri kuandikwa, na Odin itakiona bila kubonyeza kitufe chochote.

Kioo ni cheusi tii: usihukumu bado. Betri kubwa namna hii ikikauka kabisa inaweza kukaa muda mrefu kwenye chaja bila kuonyesha dalili. Kiache kwenye chaja nzuri kwa saa kadhaa, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha pamoja na cha kupunguza sauti, uvishikilie kwa sekunde kumi na zaidi. Kikitoa mlio wa kuwaka huku kioo kikiwa cheusi, shida ni kioo au mkanda wake.

Bado cheusi, hakina mlio? Kichomeke kwenye kompyuta na ufungue Device Manager. Kompyuta isipoona chochote, ni betri, tundu la chaji au bodi. Ikiona kifaa cha ajabu kisicho na jina la Samsung, kama "Exynos" kitu fulani, au "QDLoader 9008" kwa mashine za Qualcomm, maana yake butiloda yenyewe, ile programu ya kwanza inayoiamsha mashine, imekufa na chipu inaomba msaada moja kwa moja. Odin haifiki huko. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa maalumu.

Njia nyepesi itangulie: rikavari

Kabla ya kupakua gigabaiti za mafaili, ingia rikavari, ile menyu ndogo ya ukarabati iliyo nje ya Android. Kizime, kisha shikilia kitufe cha kuwasha na cha kuongeza sauti hadi nembo itokee, halafu uachie. Hapa pana jambo linalowapotezea watu muda mwingi: Samsung zilizofika Android 11 hazikubali kuingia rikavari mpaka ziwe zimechomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Mtu anabonyeza siku nzima anadhani vitufe vimekufa, kumbe waya tu ndio unaokosekana.

Ndani ya rikavari unapanda na kushuka kwa vitufe vya sauti, na unachagua kwa kitufe cha kuwasha. Chagua "Wipe cache partition". Hii hufuta mabaki ya muda tu. Picha na mafaili yako hayaguswi. Kisha "Reboot system now". Mfumo uliojikwaa wakati wa kusasisha wakati mwingine huamka kwa hilo peke yake.

Juu yake kuna "Wipe data/factory reset". Hiyo hufuta kila kitu. Usiichague sasa hata kama kila mtu anakushauri hivyo, kwa sababu ipo njia ya kuandika mfumo upya huku data ikibaki, na ukishafuta hutaijaribu tena.

Uwepo wa rikavari ni dalili nzuri kwa sababu nyingine pia: humo kuna "Power off", na kishikwambi kilichozimwa kwa njia hiyo kinachaji kwa utulivu, tofauti na kile kinachozunguka nembo kwa nembo na kumaliza chaji yake. Kipe angalau nusu ya betri kabla ya kuendelea.

Data, akaunti na deni

Memori ya mashine hizi imesimbwa. Hakuna fundi atakayeng'oa chipu na kukutolea picha zako, hata akikuahidi. Tumaini la data ni mfumo kuamka ukiwa na ufunguo wake, basi.

Tangu Android 5.1 kuna ulinzi unaofunga kifaa kwenye akaunti ya Google iliyokuwemo. Ukifuta data kwa rikavari au kwa kuflashi, kikiamka kitadai barua pepe na nywila ileile. Kwa hiyo hakikisha unaikumbuka akaunti hiyo, na kama kishikwambi ni cha ndugu, mpigie umuulize kabla, si baada. Kama umekinunua mkononi mwa mtu na hana akaunti wala risiti, rudi kwake. Kuflashi hakuondoi kufuli hiyo na haikupasi kuiondoa.

Vilivyochukuliwa kwa mkopo ni hivyohivyo. Kwenye modi ya Odin, yaani hali ambayo kishikwambi husubiri kuandikwa, kuna mstari "KG STATE". Ukikuta umeandikwa "Locked", kifaa kimefungwa na aliyekikopesha, na kufuli lake liko kwenye seva za Samsung. Faili rasmi litaingia vizuri, kishikwambi kitaamka, kisha kitajifunga tena pale tu kitakapopata intaneti. Malizaneni na mkopeshaji. Na kishikwambi cha kazi, kama vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 Tanzania kisha vikagawiwa walimu, usikiguse kabla ya kumuuliza aliyekukabidhi.

Kuitambua mashine kwa namba, si kwa sura

Jina "Galaxy Tab A" halitoshi. Tab A 10.1 ya 2016 ni SM-T580 au T585. Ya 2019 ni T510 au T515. Tab A 8.0 ya 2019 ni T290 au T295. Zote zinaitwa Tab A dukani, na hakuna faili la mojawapo linalofaa nyingine. Hata T510 na T515, zilizo pacha kwa umbo, hazibadilishani mafaili.

Namba imechapwa kwa herufi ndogo mgongoni. Tumia mwanga wa pembeni au piga picha kwa simu uikuze. Ipo pia kwenye boksi. Kishikwambi kilichowahi kubadilishwa mfuniko kinaweza kukudanganya, kwa hiyo ilinganishe na modeli inayoonyeshwa juu ya menyu ya rikavari. Na kuna vishikwambi bandia vyenye nembo ya Samsung: humo mara nyingi ni chipu ya MediaTek au nyingine ya bei ya chini, na modi ya Odin haipo kabisa.

Sasa namba ya programu yenyewe. Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa kila mtu aielewe, maana ukiijua hutategemea bahati tena. Tuchukue namba yenye umbo hili: T515XXU5CUL1. T515 ni modeli. XX ni kundi la soko. U ni sasisho la kawaida. Ukikuta S ni sasisho la usalama peke yake. Herufi nne za mwisho, CUL1, ni toleo: C ni kizazi cha tatu cha Android kwa mashine hii, na kwa kuwa ilianzia 9, C ni 11, U ni mwaka 2021 (T ilikuwa 2020, V ni 2022), L ni mwezi wa kumi na mbili, ukihesabu kuanzia A, na 1 ni toleo la kwanza la mwezi huo.

Iliyobaki ni ile 5, ya tano ukihesabu kutoka nyuma. Hiyo ni namba ya butiloda, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Samsung wakiipandisha, mashine inaandika alama isiyofutika ndani ya chipu na kuanzia hapo inakataa butiloda yoyote yenye namba ndogo. Yenye 5 itapokea 5 au zaidi, haitapokea 4 kamwe. Kuiona yako, ingia modi ya Odin kama nitakavyoeleza hapa chini, utafute mstari mdogo wenye neno "SWREV": namba iliyo baada ya B ndiyo hiyo. Iandike kwenye karatasi.

Faili litoke wapi

Litoke kwenye seva za Samsung zenyewe. Zipo programu ndogo za bure za kompyuta zinazolivuta huko moja kwa moja, mojawapo ni Frija. Unajaza modeli, kwa mfano SM-T515, unajaza msimbo wa nchi, na matoleo ya siku hizi yanadai pia IMEI (namba ya pekee ya kifaa kinachoingia laini) au namba ya seri (serial number) iliyo mgongoni au kwenye boksi. Msimbo wa nchi una herufi tatu: AFR kwa Kenya, XFA kwa Afrika Kusini, XSG kwa Falme za Kiarabu, BTU kwa Uingereza. Vishikwambi vingi vya maduka yetu vimepitia Dubai, kwa hiyo usishangae chako kuwa XSG. Boksi mara nyingi linakuambia.

Tovuti zinazogawa mafaili bure nazo zipo, na baadhi ni za kuaminika, ila kaa mbali na faili lililobadilishwa jina, lenye nywila ya kulipia, au lililoandikwa "combination". Hilo la mwisho ni la majaribio ya kiwandani na halijatengenezwa kwa matumizi yako.

Utapata zip ya gigabaiti kadhaa. Usiipakue kwa bando la siku. Tafuta Wi-Fi tulivu, maana faili lililokatika katikati ndilo chanzo cha makosa mengi yanayosingiziwa Odin. Ifungue kwa 7-Zip. Ndani utakuta mafaili yanayoanza na BL, AP, CP, CSC na HOME_CSC, yote yakiishia na ".tar.md5". Ishia hapo: usiyafungue tena, usiyabadilishe jina. Kishikwambi cha Wi-Fi pekee mara nyingi hakina CP, kwa kuwa CP ni modemu ya laini.

BL ni butiloda. AP ni Android yenyewe, ndiyo kubwa kuliko zote. CSC hubeba mipangilio ya nchi na hufuta data. HOME_CSC hufanya kazi hiyohiyo bila kufuta data. Kati ya hizo mbili unatumia moja tu, na unaanza na HOME_CSC.

Kompyuta, waya na umeme

Weka draiva ya USB ya Samsung kutoka tovuti yao, kisha uiwashe kompyuta upya. Kama una Smart Switch au Kies, zifunge kabisa, hata zile zilizojificha kando ya saa, kwa sababu zinang'ang'ania tundu lilelile ambalo Odin inalihitaji. Chukua Odin toleo la 3.14 na uifungue kwa "Run as administrator".

Waya uwe wa data. Waya nyingi za chaji za mtaani hazina nyuzi za data ndani yake. Ukiichomeka kwenye simu nzima na kompyuta isione mafaili ya simu, iache. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye habu, na kama ni kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma.

Kuhusu umeme, tumia laptopu yenye betri nzima iliyojaa. Umeme ukikatika kompyuta ya mezani ikazima katikati ya kuandika BL, unaweza kutoka na kitu kibaya kuliko ulichoanza nacho. Zima pia masasisho ya Windows na hali ya kulala.

Kuingia modi ya Odin

Kishikwambi kikiwa kimezimwa, shikilia vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja, na huku umevishikilia, chomeka waya ambao upande wa pili uko tayari kwenye kompyuta. Kioo cha rangi ya samawati chenye onyo kitatokea. Achia vitufe, kisha bonyeza cha kuongeza sauti mara moja kukubali.

Kisichokubali kuzima kina ujanja wake. Kikiwa kimechomekwa tayari, shikilia kitufe cha kuwasha na cha kupunguza sauti. Nembo itabaki, itabaki, halafu kioo kitakuwa cheusi. Hapo hapo, kabla nembo haijarudi, achia cha kuwasha na ukamate vile viwili vya sauti. Muda wake ni mfupi, kama sekunde moja. Ukichelewa nembo inarudi na unaanza upya. Hakuna kinachoharibika kwa kurudia, kwa hiyo usibonyeze kwa hasira.

Ukishaingia utaona "Downloading..." na onyo la kutozima. Hapa mashine haiandiki chochote bado, inasubiri tu. Soma maandishi madogo ya pembeni: namba ya SWREV, KG STATE, FRP LOCK (ile kufuli ya akaunti ya Google). Kama unataka kutoka, shikilia kuwasha na kupunguza sauti kwa sekunde kumi.

Kuandika

1. Tazama Odin. Kisanduku cha "ID:COM" kiwe kimegeuka rangi ya samawati chenye namba ya tundu, na kwenye logi, yaani sehemu ya maandishi ya hatua kwa hatua, kuwe na "Added!!". Kama hakuna, rudi kwenye draiva na waya, usiendelee.

2. Fungua ukurasa wa "Options". Viachwe viwili tu vyenye tiki: "Auto Reboot" na "F. Reset Time". "Re-Partition" isiwe na tiki kamwe. Hiyo hugawa memori upya, na hapa hatuihitaji.

3. Bonyeza BL uchague faili la BL. Kisha AP. Odin itaganda kama imekufa wakati inalihakiki faili la AP, dakika kadhaa kwenye kompyuta dhaifu. Iache, isubiri imalize. Kisha CP kama lipo. Kwenye nafasi ya CSC weka HOME_CSC. Nafasi ya USERDATA ibaki tupu.

4. Soma majina yote mara ya mwisho. Modeli ni ileile kwenye mafaili yote? Namba ya tano kutoka nyuma ni sawa au kubwa kuliko ile uliyoandika kwenye karatasi? Kwa kulinda data, toleo la Android lisiwe la chini ya lililokuwemo. HOME_CSC juu ya mfumo ulioshushwa huzaa kuganda kulekule.

5. Bonyeza Start na uondoe mikono.

Logi itaanza kushuka. "SetupConnection.." inasema wanasalimiana. "Get PIT for mapping.." ni Odin ikiuliza ramani ya memori. Ikivuka hapo, umepita mlango mgumu. "NAND Write Start!!" ni kuandika kwenyewe, na kwenye kioo cha kishikwambi mstari mwembamba unaanza kutambaa. Majina ya mafaili yatapita moja baada ya jingine; faili la system ndilo hukawia kuliko yote, na kukawia si kuganda. Mwishoni "RES OK !!", kisanduku kinakuwa kijani na kuandika "PASS!", kishikwambi kinajiwasha.

Uwasho wa kwanza ni mrefu. Nembo inaweza kukaa dakika kumi au zaidi. Usikizime. Kikipita nusu saa hakijaamka, ndipo urudie kwa faili la CSC badala ya HOME_CSC, ukijua kwamba data inakwenda.

Ikikataa

Ikishindwa kisanduku huwa chekundu, lakini sababu iko kwenye logi na kwenye kioo cha kishikwambi. Soma vyote viwili.

Ikikwama kwenye "SetupConnection" au mwanzo kabisa, ni waya, tundu au draiva. Toka modi ya Odin, ingia upya, badilisha tundu. Mara nyingi jaribio la pili kwenye tundu jingine hupita bila kubadilisha kitu kingine.

Ikisema hakuna "PIT", hilo pia huanza na waya. Usikimbilie kutafuta faili la PIT la kupachika. PIT isiyo yako huivuruga ramani ya memori yote.

Kioo kikiandika "SW REV CHECK FAIL", ikifuatiwa na namba mbili, ile ya kifaa ni kubwa kuliko ya faili. Tafuta faili jipya zaidi. Hakuna ujanja wa kulizunguka hili.

Kikisema ni mafaili rasmi tu yanayoruhusiwa, faili lako limeguswa au si la modeli hiyo.

Hitilafu ya MD5, yaani hesabu ya kuhakiki faili, ni upakuaji mbovu. Pakua upya.

Logi ikipita salama hadi kwenye kuandika, kisha ikafeli palepale kwa kila waya, kila tundu na kila faili, memori yenyewe imechoka. Kuflashi zaidi hakusaidii. Ni chipu ya kubadilishwa. Dalili yake nyingine ni rikavari kulalamika kwamba haiwezi kusoma sehemu za memori.

Kama unatumia Linux au Mac, kuna Heimdall, ila kwa mashine za kizazi hiki mafaili ya ndani yamebanwa na kazi inakuwa ndefu. Ni afadhali uazime kompyuta ya Windows kwa jioni moja.

Kikiamka

Cha kwanza kabisa, hamisha picha na mafaili yako, kabla ya kusasisha au kupachika chochote. Mfumo ulioamka kwa HOME_CSC unaweza kuwa na mabaki yaliyoharibika, na nafasi uliyopata isiachwe. Data ikishakuwa salama, futa kila kitu kwa mipangilio ya ndani na uanze upya. Mfumo utakuwa mwepesi zaidi.

Kwa T515, angalia IMEI kwenye "About tablet" na ulinganishe na ya mgongoni, kisha weka laini uone kama inapata mtandao. Jaribu Wi-Fi, kamera na spika. Faili rasmi haliharibu alama ya Knox, mfumo wa ulinzi wa Samsung, kwa hiyo programu za benki na za malipo hazipati shida kwa sababu ya kuflashi huku. Na acha nafasi ya gigabaiti kadhaa kwenye memori. Iliyojaa hadi mwisho ni moja ya njia za kurudi kwenye nembo ileile.

Vishikwambi vya MediaTek

Hivi ni vile vya watoto na vya majina yasiyojulikana sana. Programu yake ni SP Flash Tool, na faili lake huja kama folda yenye faili la "scatter" linaloielekeza kila sehemu mahali pake. Unapakia scatter, unabonyeza Download, kisha unachomeka kishikwambi kikiwa kimezimwa. Chipu hujitokeza kwa sekunde chache tu, na programu inakidaka hapo.

Juu kuna chaguo tatu. Tumia "Download Only". "Format All + Download" iogope: hufuta hadi sehemu inayotunza IMEI na anwani ya Wi-Fi, na hairudishi. Kifaa kilichofanyiwa hivyo unakitambua kwa orodha ya Wi-Fi kuonyesha "NVRAM WARNING". Ukiwa na nafasi ya kusoma kabla ya kuandika, nakili sehemu ya nvram uihifadhi.

Ugumu mkubwa zaidi ni faili. Kampuni hizi hutoa modeli moja yenye bodi tofauti ndani yake, kwa hiyo jina la nyuma halitoshi. Mfuniko ukifunguka, soma namba iliyochapwa kwenye bodi yenyewe na utafute kwa hiyo. Faili la bodi ya jirani linaweza kuamsha kishikwambi lakini kioo kikawa cheupe, au mguso ukageuka, unagusa kulia kinajibu kushoto. Ukiona hivyo hujaua kitu. Unahitaji faili la bodi sahihi tu.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Mpelekee karatasi yako: modeli, namba ya butiloda, msimbo wa nchi, na picha ya logi pale ilipofelia. Mwambie kama unataka data ibaki, na mwambie kabla hajakichukua, kwa sababu wengi huanza na kufuta kwa mazoea. Muulize atatumia faili gani na atalitoa wapi. Akikujibu kwa namba kamili ya programu, mwachie. Akisema ana faili moja linaloingia Tab A zote, chukua kishikwambi chako utafute fundi mwingine.